Kaka Yake Nahodha

Kijiwe chenyewe ni kiti cha nyuma cha gari lililokufa zamani, kimepandishwa juu ya matofali mbele ya duka la kunyolea, na mbele yake kuna ubao mrefu wa wale waliochelewa. Katikati anakaa Mama Kahawa na jiko lake, birika lake na ndoo ya kusuuzia vikombe. Hapo ndipo dunia hupangwa upya kila asubuhi na kuvurugwa tena kabla ya adhuhuri. Jumatatu hiyo hakuna aliyeuliza habari za mpira wala za bei ya mafuta. Filamu ya Kabla ya Jua la Pili ilikuwa imetoka ya kuangalia nyumbani, watu wameiangalia mwisho wa wiki, na kila mtu amekuja na lake moyoni. Aliyekuja na zito kuliko wote alikuwa mwenye duka, kinyozi waliyempa jina la Wembe. Yeye alikuwa bado ndani, anafagia sakafu iliyokwisha kuwa safi, masikio yote yako nje.

— Mimi nasema wazi, filamu ni kali, — alianza Betri, fundi simu wa kibanda cha jirani, ambaye hata akiongea huwa ameshika simu ya mtu iliyofunguliwa mgongo. — Pale chombo kinapopasua mawingu, spika yangu ilikufa. Na sikusikitika. Imekufa kifo cha heshima.

— Wewe hujawahi kuichukia filamu yoyote, — alisema Hakimu. Huyu hakuwahi kuwa hakimu. Alikuwa karani wa mahakama. Yeye amestaafu, lakini maneno ya mahakama yamekataa kustaafu naye. — Mimi nina pingamizi. Yale maandishi ya Kiswahili ya chini, tunashukuru, lakini yanapita kama yanafukuzwa na mbwa. Nimeisoma filamu nzima, sikuiona. Mke wangu ndiye aliyeiona. Ilibidi baadaye tukae jikoni tuunganishe, mimi maneno, yeye picha.

— Mimi niliiangalia vipande vipande, — alisema Mama Kahawa. — Hiyo ndiyo raha ya kuangalia nyumbani. Unakisimamisha chombo hewani, unakwenda kuchungulia chungu, unarudi unakikuta kimekungoja kama mgeni mstaarabu.

— Na mkwe wangu je? — alisema Betri. — Dunia inalipuka, watu wanaungua, yeye anapita mbele ya televisheni polepole anauliza nani kaacha taa ya uani inawaka.

— Mimi kwanza nielezwe, — alisema Hakimu. — Kitu kilichotengenezwa nyuma kinakuwaje cha mbele? Jua la Pili tuliiona zamani. Leo wanaleta nyingine, wanasema hii ndiyo ya mwanzo. Hiyo ni sheria ya wapi?

— Ni kama harusi ya jirani yangu, — alijibu Mama Kahawa. — Watoto kwanza, ndoa baadaye. Mbona ulikwenda ukala?

Wakacheka. Kwenye pembe ya kiti, yule mzee wanayemwita Sauti alitabasamu ndani ya kikombe chake. Wembe akaona hapo ndipo pa kuingilia. Akatoka, taulo begani, fagio bado mkononi.

— Nina swali moja tu, — alisema. — Kaka yake Nahodha yuko wapi?

Vikombe vilisimama njiani.

Hapa inabidi tuelezane. Jua la Pili ni hadithi ya nahodha wa chombo cha angani anayewatafutia watu jua jingine, baada ya hili letu kuchoka. Enzi hizo ilioneshwa kwenye banda la video nyuma ya soko, kwa lugha isiyojulikana na mtu hata mmoja pale ndani, isipokuwa Sauti. Yeye ndiye aliyekuwa akisimama kando ya kioo na kipaza sauti, anawageuzia maneno yote kwa Kiswahili, anakuwa nahodha, anakuwa adui, anakuwa mke wa nahodha analia, yote kwa koo moja. Siku hizi anatengeneza redio, na koo lenyewe limebaki la kukohoa. Lakini mtu yeyote aliyekuwa bandani siku zile atakwambia kuhusu mlango. Nahodha anasimama mbele ya mlango wa chuma uliofungwa. Anaweka kiganja juu yake. Hasogei. Halafu inakuja sauti ya chini: "Nyuma ya mlango huu yupo kaka yangu. Nilimwacha na kazi peke yake, nikaondoka bila kuaga."

Wembe aliyasikia maneno hayo akiwa kijana, na yalimpiga mahali pabovu. Naye alikuwa na kaka. Kaka yake alikuwa mchomeleaji, mtu wa mageti na madirisha ya chuma, na ndiye aliyemlea na kumfundisha moto tangu wazazi walipoondoka. Lakini Wembe moto hakuupenda. Alipenda vichwa vya watu. Siku moja walikuwa wamebeba lango, kaka upande huu na yeye upande ule, wakawa wanabishana, kaka akamwambia kwamba kunyoa watu si kazi, ni kuwapapasa. Wembe akaachia upande wake. Lango likaanguka, likapinda, na yeye akashika njia. Baada ya hapo hawakusemezana. Kaka akahamia mji mwingine, na Wembe akawa anawaambia watu kwamba hana ndugu.

Siku ya mlango ule hakungoja filamu iishe. Alitoka bandani, akauliza basi, akafika kwa kaka yake na vumbi hadi kwenye kope, akagonga. Kaka alipofungua, neno la kwanza lililomtoka Wembe halikuwa samahani. Lilikuwa, "Nimeona filamu, kaka." Akamsimulia yote, pale pale mlangoni, Nahodha na kaka yake, mpaka mke wa kaka akaja kuwaambia waingie ndani jamani, watu wanatazama. Toka siku hiyo walikuwa ndugu tena.

Kaka mwenyewe hakuwahi kuiona Jua la Pili. Si mtu wa filamu. Kwa hiyo Wembe aliposikia kwamba imetengenezwa ya kabla, itakayoonesha utoto wa Nahodha, alimpigia simu akamwambia: "Hii lazima uje tuangalie pamoja. Utawaona wakiwa wadogo, wote wawili." Kaka akaja Jumamosi. Jumapili alasiri wakakaa, mapazia yamefungwa, watoto wametumwa kwa jirani. Filamu ikaenda. Nahodha mdogo akakimbia uwanjani peke yake. Akala na baba na mama. Akaingia shule ya urubani, na siku ya kuondoka mama yake akamshika mashavu, na chini yakaandikwa maneno haya: Wewe ndiye mwanangu wa pekee.

 Ilipoisha kaka alisimama, akasema "Haya," akachukua sahani akazipeleka jikoni. Wembe hakuthubutu kumfuata. Alikaa akitazama majina ya watu wasiojulikana yakipanda kwenye kioo mpaka yakaisha yote. Sasa kaka yuko mjini ananunua vyuma vya kuchomelea, na akishamaliza atapita dukani kuaga akapande basi. Na Wembe alikuwa na hakika moja: kaka anajua sasa kwamba alidanganywa.

— Nyinyi mlikuwepo bandani, — aliwaambia, akiegemea fagio. — Semeni. Kaka alikuwepo au hakuwepo?

— Alikuwepo! — walijibu kwa pamoja.

— Twende kwa utaratibu, — alisema Hakimu, akakaa vizuri. — Wanaosema alikuwepo, mikono juu.

Mikono ikapanda, hata ule wa Mama Kahawa ulioshika birika. Sauti alikuwa anapuliza kahawa yake, mikono yote miwili imekumbatia kikombe.

— Imethibitika. Sasa, mama mtu anasema mwanangu wa pekee. Nimelisoma neno hilo kwa macho yangu, maana kusoma ndiyo kazi niliyofanya jana. Utetezi una nini?

— Utetezi una kwamba hakuna mama kati yenu, — alisema Mama Kahawa. — Mimi ninao wanne. Kila mmoja nimeshamwambia hivyo, na kila nilipomwambia nilikuwa namaanisha. Mtoto anasafiri unamwambia nini? Kwaheri, wewe ni wa tatu?

Wembe alihisi kifua kinalegea kidogo.

— Hoja nzuri, lakini haitoshi, — alisema Hakimu. — Mezani kuna viti vitatu. Baba, mama, Nahodha. Huyo kaka anakula wapi?

— Yuko bweni, — alisema Betri.

— Na likizo?

— Shule za angani hazina likizo. Utarudi nyumbani na nini?

— Basi mimi ninavyoona, — alisema Hakimu, akainua kidole, — huyo mama ni wa kambo. Kaka ni mtoto wa mke wa kwanza. Ndiyo maana kiti hakuna, picha ukutani hakuna, hata jina halitajwi. Hii ni kesi ya mirathi, jamani. Chombo kilikuwa cha mama wa kwanza! Wamemficha ili Nahodha arithi.

— Hiyo inaingia akilini, — alisema Wembe haraka, maana hata ya kambo angeipokea.

— Haiingii, — alisema Betri. — Hamjui sayansi. Ukikimbia sana angani, umri wako unasimama. Kaka alitangulia, akakimbia mno, akarudi mdogo. Kwa hiyo wakati wa hii ya kabla, kaka bado hajazaliwa.

— Kaka mkubwa atazaliwaje baadaye?

— Alizaliwa baadaye, halafu akawa mkubwa. Ndiyo maana inaitwa sayansi.

— Betri, mwanangu, — alisema Mama Kahawa, — hiyo simu uliyoshika ina mwenyewe. Usije ukaiunganisha hivyo.

— Ngoja, ngoja, — alisema Hakimu, ambaye alikuwa ameanza kupata moto. — Kama umri unachezewa, basi na watu wanachezewa. Yule tunayemwona siye Nahodha! Ndiye kaka. Alimfungia mdogo wake nyuma ya mlango, akavaa kofia yake, akatoka. Ndiyo maana anaushika mlango kwa uchungu. Dhamiri inamla.

— Hata mimi nilishtuka! — alisema Wembe, na hapo fagio likamponyoka. — Kisogo! Nahodha wa Jua la Pili ana kisogo kilichotokeza nyuma. Huyu wa jana kisogo kimelala kama ubao. Nilisema moyoni, huyu mtu si yule.

— Si yule kwa sababu ni mwigizaji mwingine, Wembe, — alisema Mama Kahawa. — Yule wa zamani amezeeka.

— Kisogo hakizeeki!

— Mimi niliangalia hata vile vipande walivyovikata, — alisema Betri. — Viko mwishoni, ukibonyeza pale kwenye nyongeza. Nilidhani kaka watakuwa wamemkata. Nikakuta wamekata mbwa tu.

— Mbwa wa nani?

— Wa Nahodha. Mzuri kweli. Sijui kwa nini walimkata.

Wakamsikitikia mbwa kidogo. Halafu Betri akaweka simu chini, jambo ambalo huwa halifanyi, akasema kwa sauti nyingine kabisa:

— Na kama kaka ndiye chombo?

— Vipi?

— Chombo chenyewe. Mwili ulikufa zamani, akili wakaiunganisha na mitambo. Kaka ndiye anayewabeba wote. Ule mlango anaoushika Nahodha si mlango. Ni kifua cha kaka yake.

Hakuna aliyecheka. Gari la takataka lilipita, likaenda zake. Mama Kahawa alijifuta jicho kwa upindo wa kanga.

— Ndiyo maana taa zilikuwa zinafifia Nahodha akilala, — alisema. — Kumbe alikuwa anamzimia taa mdogo wake.

 Wembe aliona akimwambia kaka yake hivyo, labda kaka atakubali. Akageuka kwenye pembe ya kiti.

— Sauti, wewe ndiye uliyetuambia kila neno. Mbona leo unatunyima?

— Nawasikiliza, — alisema Sauti, akakohoa. — Mnaendelea vizuri.

Hapo hapo kaka akatokea kwenye kona, begi begani, na kifurushi cha vyuma vya kuchomelea kimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Ni mtu mzito wa mwendo na wa maneno. Aliwasalimia mmoja mmoja kwa mkono, akampa Mama Kahawa shikamoo ingawa walikaribiana umri, akakataa kikombe kwanza, kisha akakipokea alipoona atamuudhi. Hawakuwahi kukaa naye kijiweni. Kila akija mjini huwa anaishia nyumbani kwa mdogo wake.

— Nimekuja kukuaga, — alimwambia Wembe.

— Kaka, kabla hujaondoka, — Wembe alisema, na maneno yakaanza kugongana, — waulize hawa. Usiniamini mimi. Waulize hawa kama kwenye Jua la Pili kaka hayupo. Ile ya jana imekosewa. Kuna maelezo yake. Betri, mweleze habari ya chombo.

Betri akaeleza habari ya chombo. Hakimu akaeleza mirathi. Mama Kahawa akaeleza wanawe wanne. Wakaingiliana, wakasahihishana, wakamrudisha mbwa asiyehusika. Kaka alisikiliza yote, kikombe hakijagusa mdomo, kichwa ameinamisha upande kama anavyosikiliza mteja anayeeleza geti analolitaka. Walipoishiwa pumzi, aliuliza:

— Anafananaje?

— Nani?

— Huyo kaka.

— Mrefu, — alisema Betri.

— Mfupi, — alisema Hakimu wakati huo huo. — Mfupi, ana kipara.

— Ana ndevu, — alisema Mama Kahawa. — Ndevu nyingi nzuri. Kipara kimetoka wapi?

— Ana mabaka mikononi, — alisema Wembe. — Madogo madogo. Kama ya cheche.

Alipomaliza kusema alijisikia mwenyewe. Kaka akaitazama mikono yake iliyoshika kikombe, yenye mabaka kuanzia kwenye vidole hadi kwenye viwiko.

— Mlimwona, — aliuliza, — au mliambiwa?

 Hakimu alianza kuhesabu kitu vidoleni akaacha. Kisha, polepole, wote wakageuka kwenye pembe ya kiti.

Sauti aliweka kikombe chini.

— Mngeniuliza ningewaambia, — alisema. — Hakuna siku hata moja mtu aliniuliza. Diski iliganda. Pale pale Nahodha ameweka mkono mlangoni, picha ikasimama. Mwenye banda anaipulizia, anaifuta kwa shati, haiendi. Watu wakaanza kupiga mluzi. Na kipaza sauti ninacho mimi. Niwaambie watulie? Mtu haingii bandani kuambiwa atulie. Nikatupa macho kwenye viti natafuta cha kusema, nikamwona huyu. — Akamwonesha Wembe kwa kidevu. — Amekaa peke yake, viti viwili huku vitupu, viwili huku vitupu. Habari ya lango nilikuwa naijua, nani hakuijua? Basi maneno yakaja. Nilipofika pale pa bila kuaga, picha ikaruka mbele ikaangukia kwenye vita. Kesho yake watu wakarudi wanamtaka kaka. Nikawapa. Ikabidi niwe namwomba mwenye banda aisimamishe makusudi.

— Na kwa kweli, — aliuliza Betri, sauti imemwishia, — Nahodha alikuwa anafanya nini pale mlangoni?

— Alikuwa anangoja afunguliwe. Ni mlango wa stoo.

Hakimu alivua miwani. Mama Kahawa alirudia kwa kunong'ona, "Wa stoo," kama mtu anayetajiwa maiti asiyemtegemea.

Joto lilimpanda Wembe shingoni likafika kwenye masikio. Alimwona kijana yule aliyetoka bandani mbio, akakaa kwenye basi ananung'unika maneno ya Nahodha ili asiyasahau, na vumbi, na mlango, na watoto wa jirani wamesimama wanamshangaa. Na stoo. Alitaka kumkasirikia Sauti, akatafuta pa kuanzia, akaona mzee mwenyewe anamtazama bila aibu yoyote, kwa upole tu, kama alivyomtazama labda siku ile kutoka kando ya kioo. Hasira ikakosa pa kushika.

— Kaka, — alisema, — mimi nilikwambia kweli. Nilivyojua mimi, ilikuwa kweli.

Kaka alikuwa anatikisika mabega. Wembe alidhani amekasirika, kisha akaona meno.

— Kwa hiyo, — kaka alisema, akivuta pumzi, — ulinigongea mlango kwa sababu ya diski mbovu?

— Ndiyo, kaka.

— Na shemeji yako akachinja kuku!

Kicheko kikampasuka. Kilikuwa kicheko kikubwa ambacho kijiwe hakikukitegemea kutoka kwa mtu wa maneno machache hivyo, na kikawachukua wote, Mama Kahawa akaomba ashikiwe birika, Hakimu akagonga ubao, Sauti akacheka mpaka akakohoa mpaka akapigwa mgongoni. Hata Wembe akacheka, mkono juu ya macho.

Kaka ndiye aliyeacha kwanza. Akajifuta kwa kifundo cha mkono.

— Jana mimi sikuwa naangalia filamu, — alimwambia mdogo wake. — Zile mashine sizielewi. Nilikuwa nakuangalia wewe. Kila mlango ukifunguka mle ndani ya chombo, unakaa wima. Ukifungwa, unalegea. Nikajua unamngoja mtu, na haji. Ilipokwisha sikujua niseme nini, ndiyo maana nikachukua sahani.



Kaka akanywa kahawa yake, sasa imepoa, akakigeuza kikombe kitupu mkononi. Kisha akauliza, si kwa Wembe hasa, kwa kijiwe kizima:

— Na isingeganda je?

Hakimu, ambaye hajawahi kukosa la kusema tangu alipostaafu, alitazama miwani yake. Betri aliichukua ile simu, akaitazama matumbo, akairudisha.  Wembe alitaka kusema kwamba angekwenda tu, siku moja, kwenye sikukuu, kwenye msiba, damu ingemvuta. Alilishika neno hilo mdomoni. Lakini kaka alikuwa anamtazama, na kaka si mtu wa kuambiwa vitu vya kumfurahisha.

— Sijui, kaka, — alisema.

— Mimi pia sijui, — alisema kaka. — Mimi nisingekuja. Hilo nalijua.

Akamrudishia Mama Kahawa kikombe, akashukuru. Akachukua begi na kile kifurushi cha vyuma, na Wembe akainuka amsindikize stendi. Lakini kaka hakuelekea barabarani. Aliingia dukani. Akaweka mizigo yake pembeni, chini ya kioo, akakizunguka kiti cha kunyolea mara moja, akakigusa chuma chake pale kilipoungwa, akakaa.

Wembe alisimama kizingitini. Tangu wapatane, kaka alikuwa amekuja mjini mara nyingi, nywele ndefu, nywele fupi, na sikuzote alikuwa amenyolewa au atakwenda kunyolewa huko kwake. Hawakuwahi kulizungumza. Watoto wenyewe walikuwa wameshajua kwamba baba mkubwa hanyolewi hapa.

— Na basi? — Wembe aliuliza.

— Mabasi yapo.

Wembe alikung'uta kitambaa ambacho hakikuwa na unywele hata mmoja, akakifunga shingoni mwa kaka yake, akakilegeza, akakifunga tena. Kwa mara ya kwanza alikiona kichwa hicho kutoka juu, mvi zilipoanzia, na alama ndogo ya kuungua nyuma ya sikio ambayo hakuwahi kujua kwamba ipo. Nje, wale wa kijiweni walikuwa wamejisogeza wote upande mmoja wa kiti ili waone ndani.

— Nikate vipi, kaka?

Kaka alimtazama kwenye kioo.

— Kata unavyojua wewe, — alisema. — Fundi ni wewe.